Fomu Isiyo na Mto

Savitri alikaa kiti cha mbele kwenye teksi ya Probox ya Kitale kwenda Bungoma, macho kwenye simu, masikio yote nyuma. Huko afisa mmoja mwenye beji shingoni alikuwa akimsukumia fomu mama aliyeketi naye.

"Weka tu sahihi hapa, mama. Serikali inapanga mfumo wa kuchunguza bahari na pwani, na kila kaunti lazima itoe maoni."

"Na maoni yangu yako wapi?"

"Yameshachapwa."

Savitri akakohoa ili asicheke.

"Ati yameshachapwa!" mama akasema. "Mimi naipimia serikali kina cha mto Kuywa kila asubuhi, mwaka wa sita huu. Kibao cha vipimo kilibebwa na maji, nikaripoti ofisini, mkanyamaza. Mbona mnakimbilia bahari na mto umewashinda?"

"Lakini mto huo unaenda ziwani, si baharini."

"Kwani ziwa halina ufuo? Watu wa kule chini wakifurikiwa, si ni haya maji yetu? Siweki sahihi kwa maneno ya mtu mwingine, bana. Andika mto."

"Fomu haina sehemu ya mto."

Dereva akasimama kando ya daraja. Mama akashuka, akaelekeza kidole kwenye nguzo yake iliyojaa mistari myekundu, yenye namba zilizoandikwa kwa mkono. Hapo Savitri akamkumbuka: ndiye aliyenunua dukani kwake mkebe mmoja mdogo wa rangi nyekundu.

"Basi chora sehemu hiyo," mama akamwambia afisa. "Mimi yangu nilichora mwenyewe."