Hofu ya Mama Usiogope

Ndugu na majirani mliokuja kumsindikiza mama yetu, anayewasomea maneno haya ni kitinda mimba wake. Atajitaja hivyo hivyo, kitinda mimba, kana kwamba anamsema mtu mwingine, maana akisema "mimi" sauti itamkatika kabla hajafika katikati. Aliombwa aandike wasifu mfupi. Ufupi umemshinda, mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake seremala na mama yake mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa akisema kwamba amekua ananukia usafi hata siku ambazo hakuoga. Alianza shule mwaka 1949 akasoma hadi darasa la nane. Hesabu zilimpiga chenga, lakini sauti alijaliwa. Mkaguzi wa shule alipokuja, mwalimu alimsimamisha yeye asome, na wale wenye alama nzuri wakabaki kuangalia vidole vyao.

Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi. Tarehe 1 Agosti 1962 aliajiriwa hospitalini kufagia ofisi ya kumbukumbu, na miaka miwili baadaye akahamishiwa chumba cha simu, ambako alikaa hadi alipostaafu mwaka 1996. Kilikuwa chumba kidogo chini ya ngazi, chenye ubao wa matundu na nyaya, na dirisha lililotazamana na mlango wa chumba cha upasuaji. Wagonjwa walipoingizwa aliwaona. Wale ambao hawakutoka wazima, karatasi zao zililetwa mezani kwake, naye ndiye aliyewapigia ndugu. Alikuwa na utaratibu wake na hakuuruka hata siku moja: kwanza jina, kisha "Umekaa?", kisha "Uko na nani hapo?", kisha "Usiogope," ndipo habari yenyewe. Mtaa mzima ukamwita Mama Usiogope.

Shida ni kwamba kazi hiyo alirudi nayo nyumbani. Jirani yetu fundi viatu, ambaye yupo hapa, siku moja alipigiwa simu. "Umekaa? Uko na nani hapo?" Fundi akakaa sakafuni, akamwita mkewe, wakashikana mikono. "Usiogope," mama akasema. "Shati lako limeanguka kutoka kwenye kamba." Fundi hajamsamehe mpaka leo, na anasema hana mpango huo. Watoto wa marehemu walicheka wiki nzima. Lakini wao wenyewe, wakisikia "umekaa" ndani ya nyumba ile, walikaa kwanza, kicheko kikaja baadaye.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Januari 1965 na fundi umeme aliyekuja kutengeneza ubao wa simu, akaurudia mara nne ingawa ulikuwa umepona mara ya kwanza. Walijaliwa watoto wanne. Jumatano tarehe 6 Juni 1979, asubuhi, kiwanda kimoja kilipiga simu hospitalini kusema fundi amepigwa na umeme. Marehemu ndiye aliyeipokea. Aliuliza jina, akalisikia, akaiunganisha simu na chumba cha dharura kama kawaida, halafu akamwomba mwenzake amkalie kiti. Baba alifariki kabla ya jioni. Kifungua mimba, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alimkuta mama mlangoni akamuuliza, "Mama, unaogopa?" Mama akamshika bega. "Mimi? Siogopi kitu. Nenda kanawe uso." Mtoto akaacha kulia. Tangu siku hiyo nyumba nzima iliegemea sentensi ile.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo kitinda mimba amekuwa akiogopa kufika tangu alipoianza karatasi hii. Tarehe 17 Julai mwaka huu wa 2023 marehemu alionekana ana uvimbe kwenye utumbo. Daktari alishauri upasuaji mwezi Agosti, akasema wazi kwamba kwa umri ule ni nusu kwa nusu. Kaka mkubwa, yule kifungua mimba, alichukua likizo, akapaka rangi chumba cha mgonjwa, akaleta kitanda kipya. Siku mbili kabla ya upasuaji, mama alimwita kitinda mimba, akamwambia afunge mlango.

"Mwanangu, nimekaa mbele ya mlango ule miaka thelathini na miwili," alisema. "Wa umri wangu wasiotoka nilikuwa nawahesabu. Siendi. Naogopa."

Kitinda mimba ni mtu mzima wa miaka arobaini na sita, lakini alikaa sakafuni kama mtoto. Hakuwahi kulisikia neno lile likitoka kwa mama yake kwa ajili ya mama yake mwenyewe. Akauliza kama amweleze kaka.

"Huyo usimwambie. Ameniegemea tangu baba yenu afe. Akijua ukuta wenyewe unatikisika, ataegemea wapi? Hospitali waambie familia imeahirisha. Yeye mwambie daktari amekataa, moyo wangu hauwezi."

Mdomo ulisema ndiyo kabla kichwa hakijafikiri. Kaka alisikiliza, akasema, "Haya," akarudi kazini. Tarehe 12 Septemba akakutana na daktari kwenye korido ya hospitali. Daktari akamwambia kwamba wao walikuwa tayari tangu Agosti, wakaambiwa familia imeahirisha. Kaka alikuja moja kwa moja mpaka jikoni.

"Umemnyima mama nafasi ya kupona," alimwambia mdogo wake, "halafu ukamsingizia daktari?"

Alifungua mdomo ajibu. Chumba cha pili mama akakohoa, na kitinda mimba akaufunga. Kuanzia hapo kaka hakumsemesha tena, hata salamu. Alileta maziwa, akayaacha mlangoni, akaenda kukaa na mama. Kwa wiki tatu kitinda mimba alilala na hofu na kuamka nayo: kwamba mama atakufa, na kwamba yeye atabaki duniani akijulikana kuwa ndiye aliyemuua.

Jumanne tarehe 3 Oktoba, baada ya chakula cha mchana, pumzi za marehemu zilianza kupishana. Kitinda mimba alimwinamia, akamsihi, "Mama, niruhusu nimwambie." Mama alikuwa ameshapita pale pa kujibu. Alifariki saa tisa na dakika arobaini alasiri, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Kitinda mimba alimpigia kaka yake simu, na kwa woga akasahau utaratibu wote aliofundishwa utotoni. Alisema tu, "Ameondoka."

Jana mchana alimpelekea kaka karatasi hii, ikiwa imefika hapo. Alimkuta uani akipanga viti. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kifo chenyewe, hilo analisema bila aibu. Kaka aliisoma amesimama. Alipofika mwisho akavuta kiti, akakaa, akaisoma tena tangu juu.

"Siku ile ya baba," alisema baadaye, "aliponishika bega akaniambia haogopi kitu, mkono ulikuwa unatetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Ndiyo maana niliacha kulia. Niliona nikiendelea ataanguka." Akaikunja karatasi, akaikunjua. "Nimejua miaka arobaini na minne, mdogo wangu. Mngeniambia, nisingemlazimisha. Ningekaa pale kitandani, tukaogopa wote watatu."

Akamrudishia karatasi, akamwambia hayo nayo ayaandike, na asome yote.

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu watatu. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki, tuambiane mambo tungali tunasikiana.