Karatasi Ishirini na Sita za Mwalimu Auleria

Baba Padre, Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, majirani zetu, na ninyi wageni wa chuo mliowekewa viti vya mbele, mimi ni Ansbert Laurian Mutalemwa, kaka wa marehemu, na kabla sijasoma nasahihisha jambo moja: ratiba iliyochapwa na chuo inamwita Profesa, cheo ambacho hakuwahi kupewa akiwa hai, wala familia haikukiomba.

Auleria Koburungo Mutalemwa alizaliwa tarehe 11 Machi 1957 huko Kamachumu, wilaya ya Bukoba ya wakati ule, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Laurian Mutalemwa na Mama Leokadia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, sekondari Bukoba mjini hadi 1977, na mwaka 1982 akahitimu shahada ya ualimu hapa Dar es Salaam. Alifundisha sekondari Temeke kwa miaka kumi na saba, kisha vyuoni. Tarehe 14 Julai 1984 alifunga ndoa na Gervas Rwechungura, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto wawili, Rogers na Clara, na wajukuu wanne.

Mwaka 2019 chuo hiki kilimwajiri kwa mkataba kufundisha somo la Uraia wa Dunia, somo ambalo wengine walilifundisha kwa picha za bendera na kwa kumwalika mgeni yeyote aliyetua uwanja wa ndege, lakini yeye alilifundisha kwa zoezi moja: mwanafunzi aende kwenye msiba wa mtu asiyemjua na asiye wa kabila lake, akae mkekani na wafiwa, afike mpaka kaburini, arudi na majina matatu, la marehemu, la baba wa marehemu, na la mtu aliyechimba kaburi.

Mwezi Mei 2022 wanafunzi ishirini na sita walileta msiba mmoja, wa Mzee Haroub Aidarus, mwenye duka la vyombo Buguruni. Mmoja wao alikuta duka limefungwa siku tatu mfululizo, akaamua mwenyewe kwamba mzee amefariki, na wenzake ishirini na tano wakanakili, hata machozi ya mjane wakayanakili. Auleria, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alijitanda kanga akaenda kutoa pole, na aliyemfungulia mlango ni Mzee Haroub mwenyewe, ndiyo kwanza amerudi kutoka Tanga kwenye harusi ya binti yake Badriya. "Karibu mwalimu," alimwambia, "pole ya nini tena?" Alipoonyeshwa karatasi alizisoma zote, akasema, "Kaburi langu eti limechimbwa na kamati! Watoto hawa wavivu hata kunizika." Mzee Haroub yuko nasi leo, mzima wa afya, ameketi upande wa kulia.

Auleria aliwapa sifuri wote. Chuo, ambacho kilikwisha kuchapa vyeti na kualika wafadhili, kilimtaka asaini kwamba wamefaulu, akakataa, mkataba wake ukakatishwa tarehe 30 Juni 2022, somo akapewa mtu aliyesaini siku hiyo hiyo, na wale ishirini na sita wakapigwa picha na vyeti vyao, raia wa dunia nzima ambao hawajawahi kuvuka kizingiti cha jirani. Yeye alimwandikia kila mmoja kwa jina lake kamili, kwamba karatasi anazo nyumbani Kimara, na atakayeleta majina matatu ya kweli atamsahihishia upya. Alisubiri miaka miwili na miezi saba, na hakuja hata mmoja.

Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nane mchana. Wengi mmeuliza kwa nini hatumpeleki Kamachumu. Alikataa mwenyewe, akaniambia, "Kaka, nizikeni hapa hapa, si mbali na chuo. Huenda kwangu watakuja. Ila jina la mchimba kaburi usiwasomee."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kimara waliopika na kulala hapa na sisi, na Mzee Haroub, aliyefunga duka lake siku nne, safari hii kwa msiba wa kweli. Kwa upande wa walimu wenzake, tunawashukuru wote waliokuja kumjulia hali akiwa mgonjwa, nao ni Bi Maisa Farhan peke yake.

Nimeambiwa kwamba kati ya wale ishirini na sita, tisa wamo humu, wamesimama kule nyuma. Jina la marehemu nimelisoma, la baba yake nimelisoma, la tatu silisomi. Mwenye jina hilo yuko makaburini na chepe lake, haumi mtu, wala si kamati, na akiulizwa kwa heshima atajibu. Karatasi ninazo mimi, na kalamu nyekundu ninayo.

Auleria, mdogo wangu, wewe sasa pumzika. Hizi zilizobaki nitakusahihishia mimi.