Papa Evode Habineza na Daraja Bichi la Bihambwe

Tarehe 30 Juni, Papa Evode Habineza atakabidhi funguo za ghala na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ushirika wetu wa mafundi wa Masisi. Walioandaa sherehe wameniomba niandike maneno mafupi ya kuchangamsha. Nitajaribu, ingawa yeye mwenyewe si mtu wa kuchangamsha, hasa ukimkuta karibu na zege bichi.

Alizaliwa Kingi, kwa wakulima wa maharage, na kwetu alianza kwa kuchekecha mchanga. Akapanda hadi kuwa msimamizi wa ujenzi, akaacha zahanati, matangi ya maji na madarasa kuanzia hapa hadi misitu ya Walikale. Huko Walikale alimaliza sakafu ya kanisa siku ya Ijumaa, na Jumapili akakaa mlangoni kuzuia mabenchi yasiingizwe. Misa ilisomwa nje, mvua ikinyesha, na padri akahubiri juu ya uvumilivu huku akimtazama yeye peke yake.

Ukimuuliza zege litaanza kutumika lini, naye atakuuliza ni nani anayetaka kupita. Mtu kwa miguu, siku mbili tatu, akienda taratibu. Pikipiki, wiki nzima. Kamyo, yaani lori, mwezi mzima, na usirudi kumuuliza. Alitufundisha kwamba zege halikauki, linakomaa. Likikosa maji, juu litagonga kama jiwe na ndani litabaki dhaifu. Kwa hiyo alilifunika kwa majani ya migomba na kulinywesha asubuhi na jioni kama ndama aliyefiwa na mama.

Majani hayo ndiyo yaliyotuponza Bihambwe, miaka miwili iliyopita. Kwetu majani ya migomba yakipangwa njiani, watu wanajua kuna arusi au askofu anakuja. Watu wa mlimani wakaona daraja jipya limevikwa majani, wakapelekeana habari kwamba limepambwa, leo linafunguliwa. Habari ikafika nyumbani kwa Kayitesi, binti pekee wa Papa Evode, aliyekuwa na uchungu wa uzazi tangu jana yake na mtoto hatoki. Badala ya kumzungusha kwa njia ndefu ya juu, wakampakia katika kamyo ya maharage ya Théophile, jirani yao, wakateremka naye moja kwa moja hadi kwetu darajani. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, paa lake linaonekana.

Zege lilikuwa na siku tatu. Mvua ilikuwa imejaza mto, na maji yalikuwa yanapiga miti iliyotegemeza mbao zilizoshikilia zege chini ya daraja.

Papa Evode alisimama katikati ya njia. Théophile hakuzima injini. "Papa, daraja si iko tayari? Mumeipamba," alisema. Papa Evode hakwenda kumwona binti yake. Alichuchumaa, akafunua majani, akagonga zege, akayatazama maji kwa muda mrefu. Nasema wazi kwamba wakati ule nilimchukia.

"Camion hapana," alisema. "Itaanguka naye mu maji. Mutengeneze tipoyi, batu bane bamubebe."

Kayitesi aliinua kichwa kutoka kwenye magunia. "Papa, njo betoni unaangalia, ao miye?"

Aliyarudisha majani juu ya zege, akawaita vijana. Vijana walifunga miti na blanketi kuwa machela, wanaume wanne wakambeba mabegani kwa tipoyi hiyo. Papa Evode aliniagiza nitangulie, mwendo wa polepole, mtu mwingine asifuate, kisha akatoweka machoni pangu. Tulipofika katikati, mbao za chini zililia na zege likatetemeka chini ya nyayo zetu. Wabebaji wakasimama. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini. Kisha mlio ule ukakoma, tukaendelea, tukavuka. Kayitesi aligeuka kumtafuta baba yake ukingoni tulikotoka, akaona kamyo tu.

Mtoto alizaliwa mchana ule, wa kike, mzima. Kamyo za maharage zinapita pale kila siku na daraja halina ufa. Lakini tangu siku hiyo Kayitesi anamsalimia baba yake kwa adabu tu, kama mtu anavyomsalimia mgeni. Huwa anasema, "Papa hakunisindikiza." Nasi mafundi, kila tulipomwomba Papa Evode ajieleze kwake, alianza kuzungumza habari za mchanga.

Basi leo nitasema mimi, na akasirike akitaka. Kayitesi, baba yako alikuwa chini yako. Mti mmoja uliotegemeza daraja ulikuwa umeanza kuteleza. Aliingia mtoni, maji yakimfika kifuani, akaukumbatia, akaushikilia kwa bega mpaka mguu wa mwisho ulipovuka. Tuliporudi tulimkuta bado ameukumbatia, na tulipomtoa midomo yake ilikuwa imekufa kwa baridi. Hakuuliza habari za daraja. Aliuliza, "Mutoto wangu amefika?"

Papa Evode, ushirika mzima unakushukuru kwa kila paa na kila daraja. Uende salama, ule maharage ya Kingi ukiwa umekaa, ulale bila kuisikiliza mvua. Na wewe Kayitesi, kiti kilicho karibu na baba yako tumekiacha wazi.

Patient, kwa niaba ya mafundi wote