Placide Alivyokuwa Akisimama Katikati ya Mwinuko

Wachungaji, wazazi, ndugu wa Malvern na mliotoka Diepsloot, nimeomba maisha ya marehemu niyasome mimi, Jocelyne, mke wake, ingawa desturi inampa kazi hii kaka yake mkubwa, mnivumilie, naogopa, nitasoma haraka.

Placide Kashindi alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa pili wa papa Octave na mama Agnès, akasoma hapohapo mpaka diploma ya ualimu mwaka 2006, akafundisha Kiingereza miaka minne, halafu Januari 2011 akafika Johannesburg, akauza dukani Diepsloot pamoja na kaka yake mkubwa, Théodore, na kuanzia 2013 akawa mlinzi wa jengo moja Kensington, ambako alikuta kamusi kuukuu ya Kiingereza imetupwa, akaileta nyumbani kama mtu aliyebeba nyama ya sikukuu.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 2015, na tarehe 9 Agosti 2016 tukampata binti yetu, Sagesse.

Sasa lile neno, wengi mnalijua, aliwachosha nalo. Kwenda kanisani tunapanda ile barabara iliyosimama wima, na tangu mwezi wa pili mwaka huu, kila Jumapili akifika katikati alisimama, anashika ukuta wa nyumba ya watu, ananieleza kwamba Waingereza wa zamani mwinuko wa namna hii waliuita brant, kwamba hata meli iliyonyanyuka juu majini waliiita hivyo, kwamba baadaye neno likapotea midomoni mwa watu, likabaki kwa wazee wa kaskazini, huku Waswidi wanalitumia mpaka leo kwa milima yao. Kila wiki historia ilizidi kurefuka, na mimi, mtoto mgongoni, namwambia, mwalimu, eish, watu wameshaanza kuimba, maliza tupande, naye anacheka, mama Sagesse, neno la miaka elfu na zaidi unalikimbiza kwenda wapi? Nilicheka pia, sikujua kwamba alikuwa anatafuta pumzi.

Karatasi ya kliniki, ya mwezi wa sita, tuliikuta mfukoni mwa koti lake la kazi, imeandikwa moyo umepanuka, alinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi na kwa kunihurumia mimi. Jumapili tarehe 30 Septemba alianguka palepale katikati, akalazwa, akafariki Jumanne tarehe 9 Oktoba 2018, saa tatu asubuhi.

Kaka Théodore, uliuliza mbele ya watu, mke gani haoni mume wake anakufa, ukasema baada ya mazishi Sagesse atapelekwa Uvira kwa bibi yake. Swali lako ni la haki, sikuona, nitaishi nalo. Lakini mtoto ana miaka miwili, bado analala ameshika sikio langu, na Placide wodini alisema asitengwe na mama yake, mama Zubeda jirani yetu alisikia, mchungaji alisikia, kwa hiyo maneno yake nimeyaandika humu, ni sehemu ya maisha yake kama shule na kazi. Nakuomba mbele ya jeneza lake, kaka, usinichukulie mtoto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku tisa, majirani mliopika na kulala nasi chini, walinzi wenzake mliomshikia zamu, Mungu awakumbuke.

Pumzika kwa amani, Placide, mtoto yuko na mimi.