Karanga Marufuku, Bastola Ruksa

Loretta Haskins, mpishi wa shule ya msingi mjini Dayton, alikaa kiti cha mwisho cha basi, barua ya mkuu wa shule inayosubiri sahihi yake mapajani. Mzee wa pembeni yake, mwenye bastola kiunoni, akaisoma bila kuombwa.

"Hongera, mama! Wanakupa mafunzo ya bunduki uwalinde watoto. Ni haki yako kikatiba."

"Asante, mzee. Mwaka jana nilipewa onyo kwa kuingia jikoni na siagi ya karanga. Eti ni hatari kwa watoto wenye mzio wa karanga."

"Sasa mwendawazimu akiingia na bunduki, utamrushia viazi?"

Loretta akaikunja barua. Kwenye zoezi la mwezi uliopita la kujikinga na mvamizi mwenye bunduki, alijificha stoo na watoto kumi na mmoja, na mmoja akajikojolea kwa hofu.

"Hiyo bastola yako imeshamwokoa nani?" akauliza.

"Bado. Lakini inanipa amani."

"Amani gani, na kila anayepanda unamkagua kama askari wa mpakani?"

Abiria wa mbele akacheka. Mzee akapandisha sauti. "Dunia imejaa watu wenye bunduki, mama!"

"Naona. Mmoja nimekaa naye."

Basi likasimama mbele ya shule. Loretta akainuka.

"Utawajibu nini?" mzee akauliza.

"Nitawauliza hiyo bunduki niiweke wapi. Kisu cha nyanya tu wananiambia nikifungie kabatini."

"Kiunoni, mama! Kiunoni!" mzee akapaza sauti, mlango ukijifunga. Loretta akaingia kupika uji, barua bado haina sahihi.