Waya wa Namba 34

Mgeni rasmi, Bwana Thorlakson, mkurugenzi wa kampuni inayomiliki jengo letu, mafundi, ndugu wapangaji:

KARIBU
Sisi wapangaji wa Jengo la Rosemere, hapa Winnipeg, tunakukaribisha kuzindua mtambo mpya wa mlangoni, kwa furaha tuliyoihifadhi miaka tisa, tangu ulipokuja kutuahidi lifti. Ngazi zinakusalimu.

HISTORIA
Simu yetu ya mlangoni, ambayo mgeni hubonyeza namba ya nyumba na mwenyeji humjibu na kumfungulia akiwa juu, iliwekwa mwaka 1961. Ilipoanza kunyamaza nyumba moja moja, tuliandika barua kumi na tisa, nakala tunazo. Ofisi yako ilijibu moja, ikatutakia Krismasi njema.

Aliyeumia zaidi ni Mama Halyna Prokopchuk wa namba 34, mwenye miaka themanini na moja na mguu wenye kidonda usioweza kushuka ngazi. Muuguzi wake akija, mama humtupia ufunguo dirishani ndani ya soksi. Januari soksi ilizama thelujini. Muuguzi alifukua mpaka vidole vikafa ganzi, akaondoka. Kidonda kilikaa siku sita bila kufunguliwa.

MAFANIKIO
Basi tukajifunza wenyewe. Bwana Ernesto Dimaculangan, fundi cherehani mstaafu, alifungua sanduku la waya kule chini, akakuta waya zaidi ya thelathini, zote rangi ya vumbi, na karatasi ya maelezo imeliwa na panya. Aligusisha betri kwenye waya mmoja mmoja, nasi huko juu tumetega sikio kwenye simu zetu. Aliyesikia mkwaruzo aligonga bomba la kupashia nyumba joto kwa kijiko. Tulisahau kwamba bomba hilo hujigonga lenyewe likipata moto. Jumamosi nzima tuliandika namba za uongo. Jumapili tulizima joto, tukarudia tumevaa makoti.

Ikabaki 34. Waya wake haukuwa umekatika. Ulichomolewa, ukazungushiwa tepu, na juu yake mwandiko wa msimamizi wako wa zamani: “Analalamika sana. Agizo la ofisi. Machi 2011.” Machi 2011 ndipo mama alipokushtaki kwa kutunyima joto. Tarehe hatusahau.

Bwana Ernesto aliurudisha kwa dakika mbili. Mama aliposikia kengele alisema, “Kumbe walikuwa wanabonyeza. Mimi nikadhani wameacha kuja.”

CHANGAMOTO
Mtambo unaouzindua leo huita kwenye simu ya mkononi yenye intaneti. Mama ana simu ya mezani. Barua yako ya Ijumaa inasema waya za zamani zitang'olewa mchana huu, na kwamba sisi tumeharibu mali ya kampuni. Tunashukuru kuarifiwa kwamba ilikuwa mali.

MAOMBI
Ombi ni moja: waya za zamani zibaki. Kabla ya kukata utepe, tafadhali toka nje, ubonyeze 34. Mama atauliza nani. Jana mjumbe wako alijibu, “Kampuni.” Mama akamwambia, “Kampuni haina miguu, baba. Nani amesimama hapo?” Mjumbe akaenda zake.

Wewe taja jina lako. Kisha muulize kidonda kinaendeleaje. Anasikia vizuri.

Mungu akujalie uzee mrefu, na mlango unaoitika.

Ni sisi,
Wapangaji wa Jengo la Rosemere, ghorofa zote tatu