Elbio Techera na Vigae vya Mzee Américo

Ndugu, majirani, na ninyi mafundi mliofunga kazi asubuhi hii ili kuja kumsindikiza mwenzenu, familia imemteua Wilson Pintos, kaka wa mjane, awasomee maisha ya Elbio Ruben Techera, na kwa kuwa mashemeji hao wawili hawakuwahi kukaa meza moja bila kutaniana, mtamvumilia msomaji pale utani utakapopenya, maana marehemu mwenyewe asingependa kusomewa historia kavu.

Elbio alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 huko Sarandí Grande, mkoani Florida, kaskazini mwa Montevideo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Hilario Techera, aliyekamua ng'ombe wa watu, na Bi Ofelia Lacuesta, mshona nguo, na katika nyumba yao choo kilikuwa uani, ng'ambo ya zizi, kiasi kwamba mtoto aliyebanwa asubuhi ya baridi ya Julai alivuka barafu kwa miguu mitupu, na Elbio alizoea kusema kwamba heshima yake kwa choo cha ndani ilianzia hapo.

Alisoma shule ya msingi mjini humo kuanzia mwaka 1953 hadi 1959, akiwa mwanafunzi wa kawaida, si wa kusifiwa wala wa kufukuzwa, kisha mwaka 1961 akaletwa Montevideo kwa shangazi yake mtaani Reducto, akasomea ufundi bomba katika shule ya ufundi, akamaliza Desemba 1964.

Kazi aliianza Februari 1965 chini ya fundi vigae Baldomero Ferrín, aliyemfundisha kwamba saruji haisubiri mtu anayepiga soga, na mwaka 1974 akaanza kujitegemea, akajikita katika kazi ambayo mafundi wengi waliikimbia, yaani mabafu madogo ya nyumba kuukuu za mitaa ya Reducto, Goes na La Comercial, yale yenye mlango unaofunguka kwa ndani ukagonga sinki, hodhi ya chuma ambayo lazima uinue goti hadi tumboni ili uingie, kidirisha kilicho juu kabisa, na mabomba ya madini ya risasi yaliyojificha ukutani yakisubiri kuguswa tu yapasuke. Hakuwahi kukubali kung'oa bidé, lile beseni la kujinawia lililo kando ya choo, na kijana mmoja aliyemwomba alitoe ili nafasi ipatikane katika nyumba aliyorithi kwa bibi yake, alijibiwa kwa upole, "Mama yako anajua?" na kijana akanywea, beseni likabaki.

Alikuwa na utaratibu wake, nao ndio uliomfanya ajulikane, kwamba hakugusa nyundo kabla mwenye bafu hajamwonyesha anavyooga. Alimwambia mama mwenye nyumba, "Mama, hebu niogee hapa nione, usivue hata kiatu, mimi nina mke na anapiga," na yule mama, huku akicheka, aliingia katika hodhi na nguo zake zote, akanyoosha mkono kutafuta sabuni, akainama, akageuka, akatoka, na Elbio akiwa amesimama mlangoni alitia alama ya kalamu ukutani kila mahali ambapo mkono wa mama yule uligusa, kisha hapo ndipo alipoweka chuma cha kushikia, hapo rafu, hapo bomba. Wajane wa Reducto wamezeeka majumbani mwao kwa sababu ya alama zile, na wengine wao tunawaona wameketi hapa mbele.

Tarehe 9 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Delmira Pintos, mshoni wa makoti, wakaishi katika nyumba ya baba mkwe, Mzee Américo, mchukuzi wa bandarini, ambaye mwaka 1953 alikuwa amelitilia bafu la nyumba ile vigae vya waridi kwa mkono wake mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, bila kuwa fundi, na kusema kweli vilikwenda mshazari kuanzia mlangoni hadi dirishani. Mzee alipofariki mwaka 1979, Delmira alimwambia mumewe, "Nyumba yote fanya utakavyo, lakini bafu la baba usiliguse." Basi fundi wa mabafu ya mtaa mzima alinyoa ndevu zake kwa miaka arobaini mbele ya mstari uliopinda, na shemeji yake alipomcheka alijibu kwamba yeye amezoea, ila ndevu zake za upande wa kushoto ndizo zinazoota zikipanda mlima.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Rosana, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1973, ambaye leo anaishi Durazno na mumewe, na Heber, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1976, ambaye yuko ng'ambo na hakuweza kufika mazishini, lakini anatusikiliza kwa simu iliyo mkononi mwa dada yake.

Kuhusu ugonjwa, mwaka 2016 daktari alimwambia kwamba mapafu yake yamejaa vumbi la vigae, akamkataza kabisa kukata na kubomoa, naye akatii kwa kiasi ambacho mtu wa namna yake anaweza kutii. Kisha tarehe 3 Machi mwaka huu Delmira aliteleza uani, akavunjika nyonga, akapasuliwa, akakaa hospitali na baadaye mahali pa mazoezi, na mwezi Aprili daktari alieleza kwamba mgonjwa huyu hataweza tena kuinua mguu aingie katika hodhi ile, wala kigari chake cha kutembelea hakitapita kwenye mlango ule, kwa hiyo ama bafu libadilishwe ama atafutiwe nyumba ya kutunzia wazee, na Rosana, kwa mapenzi mema, alikwishapata nafasi moja huko Durazno. Delmira alimshika mumewe ukosi wa shati, akamwambia, "Nirudishe nyumbani, Elbio, kwingine siendi."

Elbio alitoka hapo akaja moja kwa moja kwa shemeji yake. Alisema, "Wilson, wewe ni mtoto wa Américo, nipe ruhusa nivunje," naye Wilson akamjibu, "Vigae si vyangu, muulize mkeo mwenyewe," na Elbio akatikisa kichwa, akasema, "Nikimuuliza atakataa, na akikataa harudi." Hakumuuliza. Mtu ambaye maisha yake yote hakugusa nyundo bila kuuliza, safari hii alivunja kimyakimya, akiwa na miaka sabini na miwili, kitambaa kilicholowa maji kikiwa kimefungwa puani, Wilson akimkatia vigae uani ili vumbi lisimfikie, na kila baada ya vigae kadhaa alikaa juu ya ndoo akihema mpaka rangi imrudie. Aliitoa hodhi, akaisawazisha sakafu na mlango, akaupanua mlango wenyewe ufunguke kwa nje, lakini ukuta wa upande wa sinki aliuacha na vigae vya waridi vya Mzee, na ili vigae vipya vikutane na vile vya zamani ilimbidi aufuate ule mstari uliopinda, kwa hiyo fundi huyu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alijenga mshazari kwa makusudi, akiweka pima maji kando na kulalamika peke yake.

Delmira alirudi nyumbani Ijumaa tarehe 17 Mei. Alisogea na kigari chake hadi mlangoni mwa bafu, akatazama, akasema, "Umembomoa baba," kisha akaenda chumbani, na siku ile hakusema na mumewe neno jingine. Kesho yake aliingia kuoga, akapapasa ukutani upande wa kushoto, hapakuwa na kitu, maana chuma cha kushikia kilikuwa kimewekwa kulia, na kama Rosana hangekuwa karibu tungekuwa tumezika watu wawili mwaka huu. Elbio alikuja mbio, akajitetea kwamba yeye amemwona mkewe kwa miaka arobaini na saba akishika kulia, naye mkewe akamjibu akiwa amejifunga taulo, "Umewauliza wanawake wa Reducto nzima wanavyooga, mimi mkeo hukuniuliza."

Elbio alikwenda kuchukua kalamu yake, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, hebu niogee hapa nione," lakini hakumalizia ule mzaha wake, na Delmira alivaa nguo, akaingia tena, akamwonyesha, polepole, akiwa bado amenuna, mkono unakwenda wapi na uzito unaegemea wapi tangu nyonga ilipovunjika. Wiki ile aliuvunja tena ukuta alioujenga, akahamisha chuma, na hilo ndilo bafu la mwisho alilolifanya.

Tangu Juni pumzi zake zilizidi kupungua, akawa analala akiwa ameketi, na lililomsumbua halikuwa kifo, alilisema waziwazi, bali kwamba hakujua kama mkewe amemsamehe, na kwamba yeye akiondoka, kina Rosana wangemhamisha Delmira. Alilazwa tarehe 2 Agosti, na Jumanne tarehe 13 Agosti 2019, saa kumi na moja alfajiri, alifariki, akiwa ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hadi mwisho, majirani walioleta kuni, supu na viti, mafundi wenzake waliobeba jeneza kwa zamu na kubishana juu ya nani alibeba vibaya, na Rosana, aliyeuacha mji wake tangu Machi.

Lipo pia neno la mjane, aliloomba lisomwe kama alivyolisema, kwa kuwa yeye hakuweza kusimama hapa. Leo asubuhi Rosana alitaka kumwogesha ili awahi mazishi, akakataa, akaufunga mlango, akaoga peke yake mwili mzima na nywele, hakuna mtu aliyemshika, akatoka amekwishajichana, akamwambia binti yake apige simu Durazno, aseme ile nafasi wampe mtu mwingine. Kisha akamwambia kaka yake aandike hivi: "Elbio, ulifanya vyema kuvunja. Ningekataa, na ningekosea."

Lala sasa, shemeji, mkeo yuko nyumbani kwake.